Kwa Zuhura, mizani ilipoganda

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi, na pole kwa hayo mashaka. Barua yako imefika pamoja na kurasa tatu za daftari la chakula, nami nimezisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Kilo 131 siku ya upasuaji wa baipasi ya tumbo, ule uliokuachia kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo kilichoungwa na utumbo, kilo 104 leo ukiwa wiki ya 15, na mizani haijasogea kwa siku 24. Unauliza kama urudi kwenye chakula cha majimaji kwa siku tano ili "kukirudisha kifuko kilivyokuwa". Usifanye hivyo. Sababu nitakupa huko mbele, ila kwanza tujue ni kitu gani hasa kilichoganda.

Mizani inabeba vyote kwa pamoja: mafuta, misuli, mifupa, maji, chakula kilicho njiani na choo ambacho hakijatoka. Mafuta yakipungua nusu kilo kwa wiki na maji yakaongezeka nusu kilo, utasoma namba ileile Jumatatu mpaka Jumatatu na kulala na hasira. Na maji hayakosi sababu ya kuongezeka. Siku chache kabla ya hedhi mwanamke anaweza kubeba kilo moja mpaka mbili za maji. Chakula cha chumvi nyingi, siku tatu bila choo, dawa za steroidi, vyote huonekana kwenye namba. Hata mazoezi. Umeniandikia kwamba umeanza kutembea dakika 40 kila jioni tangu wiki tatu zilizopita. Misuli isiyozoea kazi huvimba kidogo na kushika maji wakati inajijenga. Sasa hesabu mwenyewe: wiki tatu za kutembea, siku 24 za mizani kusimama.

Halafu ukurasa wa kwanza unasema sketi ya kijivu, ambayo fundi aliipunguza mwezi uliopita, imeanza kuzunguka kiunoni. Mstari unaofuata unasema "hakuna kinachoendelea". Sasa sketi imelegezwa na nani?

Kuganda kwa kwanza, kule kwa wiki ya tatu mpaka ya sita ambako huwapata wengi, kulikupita bila wewe kukuona kwa sababu ulikuwa bado unauguza kidonda. Chanzo chake ni hiki. Ini na misuli hutunza wanga kwa umbo la glaikojeni, kama gramu 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika takribani gramu 3 za maji. Siku za mwanzo, ukiwa huli karibu chochote, akiba hiyo huisha na maji yake huondoka na mkojo, ndiyo maana kilo za mwanzo huporomoka kwa kasi inayolevya. Ukianza vyakula laini, sehemu ya akiba hujazwa, maji hurudi, na mizani husimama huku mafuta yakiendelea kuyeyuka. Kanuni hiyo haijaacha kufanya kazi kwako. Ukizidisha wali na biskuti leo, kesho kilo moja inaweza kurudi, nayo karibu yote ni maji.

Jambo la pili ni la kawaida kabisa: mwili wa kilo 104 hautumii nishati kama wa kilo 131. Umeacha kubeba mzigo wa kilo 27 kila unaposimama, unapopanda ngazi, unapogeuka kitandani. Zaidi ya hapo, mwili unaopungua hubana matumizi kidogo kuliko ukubwa wake unavyodai. Kwa hiyo kasi ya mwezi wa kwanza haitarudi, na usiisubiri. Wengi hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 18, wakiwa wamepoteza takribani robo mpaka theluthi ya uzito waliokuwa nao. Wewe umepoteza kama asilimia 20 kwa wiki 15. Njia yako bado ndefu, na itakuwa na ngazi, haitakuwa mteremko laini.

Sasa daftari. Nimechukua siku ya Alhamisi, kwa sababu ndiyo uliyoiandika kwa uaminifu zaidi (Jumamosi umeandika "kama jana", na mimi simjui huyo jana). Asubuhi: kikombe cha chai ya maziwa, sukari vijiko viwili vya chai, biskuti tatu. Saa nne: glasi ya juisi. Mchana: wali vijiko vinne vya chakula na mchuzi, kisha "kuku nimeacha nusu, nimeshiba". Saa kumi: chai nyingine kama ya asubuhi na "karanga kidogo". Usiku: bakuli la supu ya mboga na yai moja.

Nimepiga hesabu ya kukadiria. Protini: maziwa ya chai zote mbili gramu 7, yai 6, kuku uliyemla kama 8, karanga 4, na vilivyobaki vyote kwa pamoja 7. Jumla ni gramu 32. Unahitaji gramu 60 mpaka 80 kwa siku, kwa hiyo umepata nusu tu ya kiwango cha chini. Kalori nazo zinafika kama 870, na kati ya hizo zaidi ya 300 zimetoka kwenye sukari ya chai, juisi na biskuti.

Tulia kidogo kwenye hizo 870. Kama namba hiyo ni ya kweli, mwili wa kilo 104 hauwezi kuendesha siku nzima kwa kiasi hicho bila kuchota akiba yake. Haiwezekani. Basi yamebaki mambo mawili tu: ama mafuta yanaondoka na maji yanayaficha, ama daftari limesahau kitu. Ndiyo maana sikuruhusu kupunguza chakula kabla hatujajua ni lipi.

Daftari husahau wapi? Kwenye neno "kidogo". Karanga kiganja kimoja, gramu 30, ni kalori kama 170. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na mafuta hayaonekani yakishaingia kwenye mchuzi. Kuonja sufuria hakuandikwi, wala kumalizia sahani ya mtoto. Nunua mizani ndogo ya jikoni na kwa siku 7 pima kila kitu kabla hakijaenda mdomoni, mafuta yapimwe kwa kijiko kabla ya kumiminwa. Siku saba tu. Sitaki uishi na mizani mezani. Baada ya hapo jicho lako litakuwa limejifunza.

Upande wa mwili, futi ya fundi cherehani inakutosha. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, kisha juu ya mfupa wa nyonga, na katikati ya hapo ndipo pa kupimia. Simama, toa pumzi kawaida, futi iguse ngozi bila kubana. Pima kila baada ya wiki mbili. Panda mizani mara moja kwa wiki: siku ileile, asubuhi, baada ya kwenda msalani, kabla ya kunywa chochote, ukiwa na nguo zilezile, na mizani iwe juu ya sakafu ngumu. Kujipima mara tatu kwa siku kama unavyofanya sasa ni kupima vikombe vya chai. Linganisha pia na wiki ileile ya mzunguko wako uliopita, maana wiki ya kabla ya hedhi haifai kulinganishwa na wiki ya baada yake.

Kiuno kikipungua, hujaganda. Kiuno na kilo vikisimama vyote kwa wiki nne kamili huku daftari likiwa limepimwa, hapo ndipo nitaliita jambo hili kwa jina lake.

Sasa hayo majimaji. Wanaokushauri wanasema kifuko kimetanuka na kwamba siku tano za supu zitakifinya. Kifuko kilianza kikiwa na ujazo wa kama mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, kikiwa kimevimba kwa mshono. Uvimbe ukiisha na misuli yake ikilegea, kinapokea zaidi, na hivyo ndivyo inavyotarajiwa. Bila hivyo usingeweza kula mlo wa kweli maisha yako yote. Ni nyama ya tumbo ile, haisinyai kwa kufunga siku tano. Kinachotokea ni kwamba glaikojeni inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka kilo mbili, unafurahi, unarudi kula, na kilo mbili zinarudi. Hasara ya kweli iko kwenye misuli. Wewe tayari unakula nusu ya protini unayohitaji. Ukikata tena, mwili utavunja misuli yako, na misuli ndiyo inayotumia nishati hata ukiwa umelala. Nywele nazo, ambazo kwa wengi hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, hazitakushukuru.

Badilisha mpangilio, acha wingi ulivyo. Mfano wa siku moja: asubuhi mayai mawili (gramu 12), saa nne mtindi mzito uliochujwa usio na sukari gramu 150 (kama 14), mchana kuku gramu 60 baada ya kupikwa (17), alasiri maziwa ya mafuta kidogo mililita 250 (8), usiku samaki gramu 60 (14). Hizo ni gramu 65, na bado kuna nafasi ya mboga na vijiko viwili vya wali. Maziwa yakikusumbua tumbo, na baada ya baipasi huwasumbua wengi, mtindi mara nyingi hupita vizuri zaidi. Maharage yaliyoiva nusu kikombe hutoa gramu 7 au 8, ila yanajaza kifuko haraka, kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Kwenye sahani, nyama, samaki au yai ndiyo ya kwanza, mboga ifuate, wali uje mwisho kama kuna nafasi. Alhamisi ulianza na wali, kuku akabaki. Kosa ni la mpangilio tu, lakini limekugharimu gramu 8 za protini kwa mlo mmoja, na hiyo ni zaidi ya robo ya gramu 28 zilizokupungukia kufika 60. Vipande viwe saizi ya punje ya harage, tafuna mpaka kiwe uji mdomoni, weka uma chini kati ya tonge na tonge. Mlo uchukue dakika 20 mpaka 30. Kuku mkavu ndiye hukwama zaidi. Mpike kwa mchuzi mwepesi au mchambue nyuzi. Ukisikia kubanwa chini ya kifua, pua ikaanza kutiririka au kwikwi ikaja, acha palepale, maana tonge moja zaidi ndilo hutapikwa.

Usinywe wakati wa kula, na ukimaliza subiri dakika 30. Kioevu hulainisha chakula na kukitelezesha nje ya kifuko, njaa inarudi mapema. Maji yanywewe kati ya milo, kidogokidogo, jumla lita 1.5 mpaka 2. Hili linaleta ugumu wa kweli: siku ina saa chache na kifuko ni kidogo. Tembea na chupa ya nusu lita na ujiwekee kwamba ya kwanza iishe kabla ya mchana.

Juisi iache. Glasi moja ni kalori kama 110 ambazo kifuko hakizisikii kabisa, zinapita kama maji. Biskuti ni ndugu yake: inalainika kuwa uji na kuteremka, ndiyo maana unaweza kula tatu mahali ambapo kuku wa gramu 30 alikushinda. Chipsi za pakiti, keki na aiskrimu ziko kundi hilo. Chai ibaki, sukari ishuke kijiko kimoja wiki hii na sifuri wiki ijayo. Pombe hujaitaja, nami sitakuuliza, ila ujue baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka mno na kulevya kwa kiasi kidogo.

Kuna mstari umeuandika pembeni kwa penseli: saa sita kasoro "natetemeka, jasho, nikala biskuti nikapona". Hiyo ni kama saa mbili baada ya juisi. Sukari ya juisi hufika utumbo mwembamba kwa kasi, mwili humwaga insulini nyingi, na saa moja mpaka tatu baadaye sukari ya damu huanguka chini ya inavyotakiwa. Ukiituliza kwa biskuti peke yake, unaanzisha mzunguko mwingine, na mzunguko huo hurudisha kilo za watu wengi miaka ya mbele. Ikitokea tena, chukua kitu kitamu kidogo cha kukuinua, kisha protini mara moja, na mweleze daktari. Ukihisi kuzimia, usingoje siku ya kliniki.

Kutembea endelea. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, ukipanda polepole kuelekea 300. Kilichokosekana ni kazi ya nguvu, na kwa wiki 15 tumbo lako kwa kawaida limeshapona vya kutosha, ila muulize aliyekupasua kabla ya kuinua vitu vizito. Mara mbili au tatu kwa wiki: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika mikono, kusukuma ukuta, kuvuta mpira wa mazoezi kuelekea kifuani. Mara 10 kila kimoja, pumzika, rudia, mizunguko mitatu. Mara ya mwisho iwe ngumu. Kama si ngumu, ongeza. Na ujue kabla: wiki mbili za kwanza mizani inaweza hata kupanda, kwa maji yaleyale ya misuli. Usinipigie usiku.

Dawa ulizoorodhesha nimezitazama. Vidonge vya chuma unavimeza na chai ya asubuhi, na chai huzuia chuma kufyonzwa. Hamishia wakati wa kulala. Kalsiamu ya sitreti inatakiwa miligramu 1,200 mpaka 1,500 kwa siku, igawe dozi za 500 hivi, na kila dozi iwe mbali na chuma kwa saa mbili. B12 sijaiona kwenye orodha. Iwe kidonge cha kila siku cha mikrogramu 350 mpaka 1,000 au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, usiiache, kwa maana tumbo lililobaki halisaidii tena kuifyonza kama zamani. Uchovu wa upungufu wa damu hupunguza hatua zako bila wewe kujua, na hatua zikipungua mizani hukawia.

Kama wiki nne zitapita na kiuno kisisogee, nenda kliniki ukiwa na daftari, na uombe watazame mambo haya: tezi ya shingo, picha ya damu na chuma, na dawa zako zote moja moja. Zipo dawa zinazovuta uzito juu: insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, steroidi, baadhi ya dawa za msongo na za usingizi kama amitriptilini na mitazapini, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Usiache yoyote kwa uamuzi wako. Uliza kama ipo mbadala. Na nikiwa hapo, nikuulize jambo la faragha: hedhi ilikuja lini? Uzito ukipungua, rutuba hurudi ghafla, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri baada ya baipasi, na madaktari hushauri kutobeba mimba miezi 12 mpaka 18 ya mwanzo. Kipimo cha mkojo ni cha dakika tano.

Suala la kifuko kutanuka kupita kiasi, au mlango wa kutokea chakula kulegea, au njia kufunguka kati ya kifuko na tumbo la zamani, ni la mtu anayerudisha kilo miaka kadhaa baadaye huku akila sahani nzima bila kushiba. Hapo hutazamwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na kuna kurekebisha mlango kwa kamera hiyohiyo, na kuna dawa za sindano za kupunguza uzito kama semaglutaidi. Kwa wiki ya 15, usiruhusu mtu akuuzie lolote kati ya hayo.

Kwa maumivu ya goti unayoyasema, parasetamoli. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya maumivu huchimba kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Sigara nayo vilevile. Mwenye kidonda hicho huanza kukwepa nyama na kuishi kwa vitu laini, na mizani inasimama kwa sababu ambayo hakuidhania. Choo cheusi kama lami, maumivu makali ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi, moyo kwenda mbio bila sababu, au kutapika kupita siku moja: hospitali siku hiyohiyo. Kutapika kunakoendelea humaliza vitamini B1, na miguu kufa ganzi au kuona vitu viwiliviwili maana yake ni dharura.

Anza Jumatatu. Nataka barua baada ya wiki nne ikiwa na vipimo viwili vya kiuno, mizani nne za Jumatatu, na daftari la siku saba lenye gramu. Kiuno ukiandike juu kabisa, kilo chini yake. Na ile sketi ya kijivu mrudishie fundi, itakuangusha kwenye ngazi.

Wako daima,
Mwanaisha